Vikadi Vyangu na Rafu ya Dirishani

Jumatatu, 12 Agosti
Baridi ya kukata masikio. Bi Herminia, mwenye duka, ametuita mimi na Nélida, mwuzaji mwenzangu, kabla birika halijachemka. Jumapili ni Siku ya Watoto. Yule ambaye vikadi vyake vitauza vitabu vingi vya watoto atapewa rafu ya dirishani, penye jua na hita. Atakayeshindwa atashuka chumba cha chini, kwenye vitabu vya sheria za kodi. Hesabu itafungwa Jumatano ijayo.

Kule chini bomba linavuja! Nami naumwa mgongo. Miaka kumi na tisa nimekaa dirishani, mji mzima wa Rosario unanijua.

Kikadi unakibandika kwenye rafu chini ya kitabu, ukieleza kwa mkono wako kwa nini umekipenda, kisha unatia jina. Nélida husoma kitabu kizima kwanza. Maskini. Jalada limewekwa la nini?

Jumanne, 13 Agosti
Vikadi arobaini kabla ya chakula cha mchana. Nélida ameandika kimoja, tena huku anafuta machozi. Nimemhurumia. Kikadi changu bora ni cha kitabu chenye mbwa wa manjano jaladani: “Safari ya furaha ya mbwa na rafiki yake. Nilicheka mpaka mwisho! Evaristo.” Kitabu kimenunuliwa kabla gundi haijakauka.

Jumatano, 14 Agosti
Mnunuzi wa jana amerudi. Jazmín, binti wa mwoka mikate wa jirani, miaka kumi na mmoja, macho mekundu. Kumbe mbwa anakufa ukurasa wa tisa. Yaliyobaki yote ni matanga.

“Ulicheka wapi, mzee?” akaniuliza mbele za watu.

Mzee! Nina miaka hamsini na miwili. Nikamjibu kuwa watu wazima huchekea moyoni. Akaenda kwa Nélida, ambaye kumbe mbwa huyohuyo ndiye aliyemliza jana. Wakamlilia pamoja, wakacheka, na mtoto akakataa kurudisha kitabu. Siwaelewi watu.

Alhamisi, 15 Agosti
Mbinu mpya. Vitabu vya vijana vilivyododa tangu mwaka juzi nimevifunga utepe mwekundu: “Wazazi wasikione!” Saa kumi wanafunzi wa sekondari wamejaa mpaka mlangoni. Nélida akaninong'oneza kwamba ni hadithi ya bibi anayefuma sweta. Nikamwambia wivu ni ugonjwa.

Jumamosi, 17 Agosti
Umati! Mabibi, mashangazi, na akina baba waliokumbuka leo. Nélida anamuuliza kila mmoja mtoto wake anaogopa nini, anachekeshwa na nini. Akihudumia bibi mmoja, mimi nimeshamaliza sita. Nawapa chochote chenye joka jaladani.

Kila zawadi inafungwa na tiketi ya kubadilishia, kama kawaida: mtoto asipopenda, analeta kitabu na kuchukua kingine. Mteja akisitasita nampungia tiketi. Ananunua palepale. Ujanja wangu unanitisha mwenyewe.

Jumapili, 18 Agosti
Duka limefungwa. Nimekwenda kwa dada yangu Ofelia, tumekula empanada, sambusa zetu za kuoka. Mpwa wangu Lautaro amefungua zawadi yangu, akasoma mistari mitatu, akauliza tiketi iko wapi. Watoto wa siku hizi hawana adabu.

Jumatatu, 19 Agosti
Foleni mpaka barabarani! Nikakimbilia kufunga tai. Kisha nikaona wote wameshika tiketi. Vitabu ni vyangu vyote. Lile joka kumbe ni mwongozo wa kufuga kenge.

Kila anayerudisha lazima achague kingine, na kila mmoja anamtaka Nélida. Bi Herminia anafuta kwenye safu yangu ya hesabu, anaandika kwenye safu ya Nélida. Nilijificha nyuma ya atlasi. Jazmín akawaonyesha nilipo.

Jumatano, 21 Agosti
Nélida vitabu mia mbili na kumi. Mimi kumi na vitatu, na nashuku hivyo ni vya waliopoteza tiketi. Nélida hakutamba, na hilo ndilo lililoniuma. Alinisaidia kushusha kiti changu, kisha akanipa kitabu cha mbwa.

“Kisome, Evaristo. Hiki kimoja tu.”

Niliona aibu, aibu ya kweli. Nikaapa kukisoma.

Alhamisi, 22 Agosti
Chini. Bomba linadondokea vitabu vya ushuru wa forodha. Nimefungua kitabu cha mbwa, nimesoma ukurasa wa kwanza. Mzuri, sikatai. Mara akashuka mhasibu mmoja, anatazamatazama rafu, hajui achukue nini. Nikafunga kitabu, nikashika kalamu: “Kodi ya Mapato, juzuu ya pili. Nililia mpaka mwisho! Evaristo.”

Amechukua viwili, kimoja cha kumzawadia mkwewe. Kabla ya Krismasi nitakuwa nimerudi dirishani. Kosa langu sasa nalijua, ni zile tiketi: huyu sikumpa.