Ukoga Uliomletea Mama Posa

Mtawanya, Kibiti
9 Septemba, 1993

Ndugu Mtaalamu wa Ukoga,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama sivyo, pole na kazi. Mimi ni Mwinjuma Sadala, mtoto wa Bi Sikudhani, yule bibi aliyeletwa kwenye mabirika yenu ya kuoteshea ukoga juu ya baiskeli, amefungwa kanga kiunoni asianguke. Kwa adabu zote naomba mradi wenu ufungwe. Sababu ni hizi:

1. Mama alikuwa hajiwezi, chakula hakipiti, nasi wanawe tumeshaikubali hali. Ninyi mkamwambia, "Bibi, huu ukoga wa kijani ni chakula, si dawa. Koroga kijiko kwenye uji." Akasema unanuka tope la mikokoni, kisha akamaliza bakuli. Wiki ya sita alikwenda msalani peke yake. Mwezi wa tatu alinitimua kwenye mikorosho yake, ambayo nilikuwa nimeanza kuipalilia kama yangu.

2. Sasa tukienda Kibiti kwa miguu, yeye ananitangulia. Watu wa njiani wananipa pole mimi.

3. Serikali imetangaza biashara huria, na Mama amesikia. Anaanika ukoga mkekani, anautwanga, anapanda lori hadi Nyamisati kuwauzia wasafiri wa Mafia. Wakisita, anawaambia, "Nitazameni!" kisha anaruka. Ndugu Mtaalamu, anaruka! Ana miaka sitini na minane.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mzee Mshamu, mgane wa Mbwera, fundi mitumbwi, alinunua pakiti Jumatatu. Jumanne akarudi kununua nyingine, ile ya kwanza haijafunguliwa. Jana imeletwa barua ya posa, na imeletwa kwangu! Mimi nijibu posa ya mama yangu mzazi? Nilimuuliza, "Mama, watu watasema nini?" Akanijibu, "Waambie waje wale pilau."

Ikiwa kufunga mradi ni kazi nzito, basi otesheni ukoga wa aina ya pili, wa kuwarudisha wazee kitandani. Sisemi iwe milele. Hadi msimu wa korosho upite tu.

Nisalimie wote hapo kazini, na dada Muzdalifa anayekoroga mabirika. Watoto wangu wanakuamkia.

Ni mimi, niliyedhurika kwa afya ya mwingine,
Mwinjuma Sadala

Baada ya sahihi: Mama ameniona naandika, akataka nimsomee. Nimesoma yote, sikuruka neno. Alicheka mpaka akakaa chini, kanishika goti, machozi yanamtoka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tulipomzika baba. Nilikuwa nimesahau hata pengo lake la kushoto. Nami nikacheka, na mke wangu akaja mbio kutoka jikoni akidhani kuna msiba. Posa nimeshaijibu: tumeridhia. Ndoa ni Ijumaa ijayo, baada ya swala. Njoo na wenzako wote. Mabirika, tafadhali, msiyaguse.