Ujumbe Mwekundu Upewe Kiti cha Mzee Miwani

Kwako Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,

YAH: UJUMBE ULIOJIPA UKUU WA IDARA YETU

Pole na majukumu. Mimi ni mtunza stoo, yule wa chumba cha mwisho, nyuma ya matairi. Nakuandikia kwa kalamu, na sababu yake utaiona hapo chini.

Mpwa wangu anaolewa Jumamosi. Mjomba aliyebaki ni mimi peke yangu, na dada yangu ameshatangaza kwamba nisipofika nisijihesabu tena kuwa na dada. Nikaomba ruhusa kwenye mfumo wenu mpya. Ukanijibu kwa maandishi mekundu: "Kosa la mipangilio. Mwidhinishaji wa idara hajawekwa. Wasiliana na mkuu wa idara."

Mkuu wa idara alikuwa Mzee Miwani, ambaye tulimuaga kwa soda na hotuba alipostaafu. Kumtoa kwenye mfumo mlimtoa jioni ileile, hata soda hazijaisha. Kumweka mwingine ndiko kulikowashinda. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilimpigia fundi wenu. Akasema nizime niwashe. Nikazima, nikawasha. Akasema nifute vilivyohifadhiwa. Nikafuta, na picha za wanangu zikaenda humohumo. Mwisho akaniuliza, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Nikampa hongera.

2. Akanitaka nifungue tiketi rasmi ya tatizo. Tiketi nayo, kabla haijawafikia, inataka idhini ya mkuu wa idara. Ukatokea ujumbe uleule, na wekundu wake uleule. Ndiyo maana ya kalamu.

3. Wenzangu wameanza kuuheshimu. Dereva wa lori huvua kofia kabla ya kubofya. Karani wa mapokezi hatumi ombi lolote kabla ya chai, anasema asubuhi unakuwa na hasira. Juzi nilijikuta nami nafunga kifungo cha shati.

4. Mama watoto aliniuliza ni nani hasa anayeninyima ruhusa. Nikamwambia hakuna mtu. Akasema, "Basi kama hakuna mtu, hakuna aliyekukataza." Nguo ya harusi ameshaipiga pasi.

5. Tukisema kweli, ujumbe huu unaiweza kazi kuliko Mzee Miwani. Hauchelewi kazini, hauitishi vikao, hauna ndugu wa kupendelea. Sote unatukatalia sawasawa. Kwa hiyo naomba upewe cheo rasmi, kiti chake Mzee na kibao mlangoni, ili nami niweze kuukatia rufaa kwako kama utaratibu unavyotaka.

Hilo likiwa zito, basi tuwekeeni binadamu. Binadamu yeyote, sichagui. Mtu mwenye damu mwilini na dada nyumbani hawezi kumzuia mwenzake asiende kwenye shughuli ya familia yake.

Nisalimie mafundi wote hapo kitengoni, na yule wa kuzima na kuwasha msalimie, kisha msalimie tena.

Ni mimi niliye mbele ya skrini,
Mtunza Stoo

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, fundi amekuja mwenyewe. Amebofya hapa na pale, tatizo limekwisha. Nafasi ile ya mkuu wa idara ilikuwa inataka jina tu, akaweka la mtu aliyekuwa karibu, yaani langu. Papo hapo yakanishukia maombi ya idara nzima. Karani anamuuguza mama yake. Dereva anataka akamwone mtoto wake aliyezaliwa. Nimeyakataa yote, maana idara haiwezi kubaki tupu na mimi niko harusini. Kisha nikafungua la kwangu. Mfumo ukaandika: "Huwezi kuidhinisha ombi lako mwenyewe. Wasiliana na mkuu wa idara."

Nimewasiliana naye. Ni mtu mgumu, Ndugu Mkuu, sijapata kuona.