Malalamiko Kuhusu Kompyuta Changa Kumtangulia Jaduong'

Gati la Sori, Jumanne

Kwa Mwenyekiti wa Chama cha Wenye Boti, Mzee Nicanor,

Salamu nyingi. Naandika nikiwa na akili timamu, ingawa nina hasira. Ni kuhusu Irine, yule binti tuliyemwajiri aandike programu ya kuhesabu magugumaji kwenye picha za droni, ili boti zijue njia iliyo wazi. Kazi hiyo hufanywa na mashine tatu: kompyuta ya ofisi ya tangu 2009, ambayo sote huiita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, laptopu ya chama, na lile dude la kijana Byron la kuchezea gemu, linalomeremeta kama disko matanga.

Malalamiko ni haya:

1. Irine ameandika agizo moja tu: gawa picha, hesabu, jumlisha. Halitaji mashine yoyote kwa jina. Nilipouliza Jaduong' yuko wapi humo, nikaambiwa programu yenyewe itampima nguvu. Kumpima! Mzee wa watu!

2. Mashine zote zinaanza kwa mpigo mmoja. Wewe ni Mjaluo, Mwenyekiti. Tangu lini mtoto akatia mbegu shambani kabla ya baba yake? Dude la Byron halina hata miaka miwili, na linamaliza picha mia tisa Jaduong' akiwa bado kimya, anafikiri.

3. Kati ya picha elfu moja za kila siku, Jaduong' hupewa tatu. Tatu! Na huzihesabu bila kosa, mpaka vichipukizi.

4. Kwa hivyo naomba iamriwe Jaduong' azimalize zote kwanza, ndipo laptopu iguse, halafu dude la Byron. Nimepiga hesabu: picha za leo pekee ni miezi kumi na mmoja. Wavuvi wavumilie. Magugumaji nayo yaandikiwe barua yasisogee.

5. Irine asimamishwe kazi, na kabla ya kuondoka amwombe Jaduong' msamaha mbele ya kamati, na chai iwepo. Leo ni mashine. Kesho programu itanipima mimi, nami nina miaka sitini na moja na goti bovu.

Nisalimie kamati nzima, mama watoto, Bhoke wa mizani ya samaki, na yeyote atakayekuwa amekaa karibu ukisoma.

Wako kwa utii na uchungu,
Nashon Obare, Karani

N.B. Baada ya kutia sahihi nimeinua kibodi ya Jaduong' nifute vumbi, nikakuta daftari la Irine. Kumbe Jaduong' aliungua Februari! Zile picha tatu Irine huzihesabu mwenyewe kwa macho, kila asubuhi kabla sijafika, kisha anaandika jina la Jaduong'. Pembeni ameandika: "Mzee Nashon asijue, ataumia." Nimelia, Mwenyekiti, tena kwa sauti. Namba moja hadi tano zifute. Huyo binti asiguswe na mtu. Na zile picha tatu nipewe mimi, macho bado ninayo.