Studio ya Kiarie Imefungwa Kabisa

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamwambia hata mimi nimechoka, lakini bado nafungua duka. Hakucheka. Basi naandika haya kwa ukweli mtupu, ili binti yangu Mugure akiyapata nimeshazikwa ajue babake alikuwa mtu wa namna gani. Mugure, soma ukiwa umeketi.

Leo Mugure amekuja studio, hapa Bondeni, ghorofa ya kwanza juu ya saluni ya Jackie. Alipanda ngazi kwa pumzi moja. Naona ni kujionyesha. Akasema mkataba wa chumba, anaoulipia yeye, unaisha mwisho wa mwezi. Wateja wasiporudi kufikia hapo hatauendeleza, na mimi nitahamia kwake Milimani. Nimeshaona mahali aliponitengea. Kiti cha kuegemea nyuma, blanketi la miguu, televisheni. Mtu akikaa pale haondoki tena mpaka abebwe.

Akasema watu siku hizi wanatafuta mpiga picha kwa simu, kwenye dairektori za mtandaoni. Nikamwambia dairektori nazijua tangu zikiwa kitabu kinene kando ya simu ya mezani. Siri ni moja. Anza na herufi A.

Jioni Jackie akanisaidia kujiandikisha kwenye dairektori moja iitwayo Pata Bonde. Jina la biashara: AAA Kiarie Studio. Akauliza hizo A zote ni za nini. Nikamwambia ni elimu.

Jumanne, 4 Novemba

A hazikusaidia. Jackie ameeleza kwamba huko hawafuati alfabeti. Wanatanguliza aliye karibu na anayesifiwa. Nilitafuta mwenyewe: mpiga picha, Nakuru. Wa kwanza ni Tarun. Nyota zimemjaa kama anga ya Gilgil.

Tarun ni mshindani wangu tangu enzi za filamu. Studio yake iko katikati ya mji, chini kabisa, kioo kikubwa, hakuna ngazi. Picha zake zina giza. Hilo nimelisema kanisani, harusini, benki, na mara moja makaburini, na nitalisema hadi mwisho, ambao daktari anaona hauko mbali.

Nikajiandikia sifa. "Kiarie ni fundi asiye na kifani." Nyota tano. Nikatia sahihi: Mteja Aliyeridhika. Muda si muda Jackie akapanda mbio. Guka, akasema, maana ndivyo anavyoniita, babu kwa Kikuyu, imetokea na jina lako na uso wako juu yake. Nikasema basi hakuna uongo hapo. Nimeridhika.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimegundua tatizo. Si jina, ni mahali. Kwenye ramani yao kila biashara ina pini nyekundu, na yangu imejificha Bondeni, nani ataiona? Nilifundisha jiografia kabla ya kushika kamera. Ramani hainishindi. Nikaishika pini yangu kwa kidole, nikaiburuta polepole hadi katikati ya mji, nikaiachilia mlangoni kwa Tarun, palipo na watu.

Mteja akapatikana leo leo. Mama kutoka Njoro, na mapacha. Alinitafuta mimi, akafuata ramani, ikamfikisha kwa Tarun, na Tarun akampiga picha. Nimeyajua haya kwa sababu Tarun mwenyewe alinipigia simu. Mwalimu, akasema, wateja wako wanaingia kwangu wakiuliza hiyo AAA ni kitu gani. Nimewaambia ni betri. Akacheka mpaka akakohoa.

Nimekataa chakula cha mchana. Baadaye nikakila.

Ijumaa, 7 Novemba

Mugure, dhambi yenyewe ndiyo hii.

Kwenye Pata Bonde mtu yeyote anaweza kuripoti kwamba biashara fulani imefungwa kabisa. Hawaulizi wewe ni nani. Nikawaza: Tarun akifungwa wiki chache tu, mpaka mkataba wangu utiwe sahihi, ataumia nini? Si ana kioo kikubwa.

Nikabonyeza pini pale mlangoni kwake. Imefungwa kabisa? Ndiyo. Wakataka sababu. Nikaona nisipotoa sababu nzito hawataamini, nikaandika: "Mwenye studio amefariki." Nafasi ikabaki, na mimi sipendi kupoteza nafasi. Nikaongeza: "Picha zake zilikuwa na giza." Nikatuma.

Moyo ukadunda vibaya. Nikanywa maji, nikamwomba Mungu amhifadhi Tarun hai hata hivyo.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimekufa.

Nilikuwa nimelala kwenye kochi la studio, simu imeisha chaji. Nikaamshwa na vishindo ngazini. Jackie akaingia, akaniona nimeketi na soksi moja mkononi, akaangua kilio, kisha akanipiga begani. Kwa nini hukufa, akauliza, yaani kwa nini umekufa, yaani huko chini kumejaa watu.

Kweli kumejaa. Nyongesa na mkewe, niliowapiga picha za harusi, wamekuja na unga na sukari. Akina mama wa kanisa wameunda kundi la WhatsApp la maandalizi na tayari wanagombania nani atapika pilau.

Jackie akanionyesha simu yake. Jamani. Pini mbili zilikuwa zimelaliana pale mlangoni kwa Tarun, na ya juu ilikuwa yangu, niliyoipeleka kwa mkono wangu. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, la kulia huwa linalifuata. Chini ya AAA Kiarie Studio, kwa maandishi meusi: Imefungwa kabisa. Mwenye studio amefariki. Picha zake zilikuwa na giza.

Walipopanda na kunikuta hai walimshukuru Mungu, lakini hayo ya mwisho ndiyo yaliyowachoma. Mke wa Nyongesa akasema kufa sote tutakufa, lakini kumtukana mzee wa watu hata hajazikwa ni unyama. Akatoa picha ya harusi yake kwenye mkoba, akaizungusha kila mtu aone mwanga ulivyo. Wakaniuliza mimi naonaje. Nikasema dunia imeharibika.

Mugure akafika na nguo nyeusi. Alishalia njiani. Aliketi kwenye kiti cha wateja akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi. Sikuwa nimemfikiria yeye nilipokuwa nikiandika. Nilimfikiria Tarun tu.

Tarun naye huyo. Kapanda ngazi zangu zote na magoti yake mabovu, amekumbatia picha kubwa ya fremu. Ni mimi, alivyonipiga yeye zamani kwenye maonyesho ya kilimo, kijana, nacheka, kamera shingoni. Ameivika shada la maua ya manjano, jinsi Wahindi wenzake wanavyowafanyia wafu wao. Akaniona. Akaegemea mlango. Mugure akampa maji na kumweleza kuna mjinga kaandika uongo mtandaoni. Tarun akaomba kuusoma. Akasoma. Akarudia. Kisha akaomba watu watupishe kidogo.

Akasema kwa sauti ya chini: Mwalimu, Nakuru nzima kuna mtu mmoja tu anayesema picha zina giza. Na huwa anasema zangu.

Nikatazama dirishani.

Akasema, ulitaka kuniua mimi. Nikamwambia ni kwa wiki chache tu. Akaketi chini, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani nimemuua kweli sasa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka shada likaanguka kwenye fremu, akaliokota, akanivika shingoni. Akasema maua hayarudishwi dukani.

Sikujua nimebeba mzigo kiasi gani mpaka nilipopumua. Nikaitazama ile picha. Ina mwanga mzuri sana. Sikumwambia.

Na kwa kuwa watu wamekuja wamevaa vizuri, Nyongesa akauliza kama naweza kumpiga tena na mkewe, mkao ule ule wa harusi. Wakafuata akina mama. Foleni ikashuka ngazi mpaka ndani ya saluni. Tarun akanishikia taa. Akasema nishushe kamera kidogo. Nikamwambia maiti haifundishwi kazi. Mugure alipanga watu kwa zamu, bado na nguo zake za msiba, na mara mbili nilimwona akitabasamu.

Jumapili, 9 Novemba

Mugure ataendeleza mkataba. Mwaka mzima. Kwa masharti: ninywe dawa, na nisishike mtandao bila Jackie. Nimekubali yote. Kile kiti cha Milimani, mumewe alikikalia jana jioni na hataki kuondoka. Nimelala leo kama mtoto.

Jackie amewaandikia Pata Bonde wanifufue. Wanataka ushahidi kwamba niko hai, yaani picha. Nikajipiga. Tarun ameiona, anasema ina giza.

Jumatano, 12 Novemba

Nimefufuliwa rasmi. Ukurasa unasema: Imefunguliwa.

Tangu waombolezaji waondoke ngazi ziko kimya. Nimekaa nikatafakari, maana muda huo ninao. Nikiwa hai na A tatu, hakuna aliyekuja. Nikiwa marehemu asubuhi moja, walijaa mpaka saluni. Mtu aliyesoma hawezi kulifumbia macho jambo kama hilo.

Februari biashara hupoa mji mzima. Mimi siwezi kufa tena, watu watachoka. Lakini Tarun anapendwa, ana umri wangu, na anakohoa. Nitamwomba kwa upole afe yeye. Ni asubuhi moja tu. Shada nimelihifadhi kwenye friji ya Jackie, na picha yake nitampiga mwenyewe, yenye mwanga.

Jackie ameacha simu mezani akimsuka mteja. Pini ya Tarun nimeshaiburuta hadi mlangoni kwangu, waombolezaji wasije wakapotea.