Kamati ya Kulinda Kutojua kwa Mpochera

“Hivi, Dokta, huu ujinga wetu mnautunza ili mje mle nini?”

Ndivyo Mama Esinati Nkhwazi alivyomwuliza jirani yake, Daktari Kamtedza, siku huyo daktari alipotangaza kwa kipaza sauti kwamba kijiji cha Mpochera kimepewa heshima ya kitaifa ya kutofundishwa chochote.

Daktari hakukasirika. Akamweleza kwa upole kwamba huo ni utafiti wa uchumi wa kilimo. Ng'ambo ya kijito, watu wa Kalinde watafundishwa kupanda mahindi kwenye mashimo yenye samadi, ili mvua isizoe udongo wa vilima vya Ntcheu. Mpochera hawatafundishwa. Kalinde wakiwashinda kwa mavuno, Wizara itajua mafunzo yana faida, naye Daktari atafanywa Mkurugenzi.

“Kwa hiyo sisi tukishiba, wewe cheo hupati?”

“Mkishiba sana, mama.”

“Haya, baba. Tutajitahidi kukuhurumia.”

Hatari ilikuwa moja tu, maarifa kuvuja. Ikaundwa Kamati ya Kulinda Kutojua, yenye mwenyekiti, fulana na posho. Wanakamati wakasimama darajani, wakinusa ndoo za wanawake kama zina samadi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka akafariki Mzee Layitoni wa Kalinde, na vijiji hivyo huzikana tangu zamani. Kuzuia watu wasizike ni dhambi, na Daktari alikuwa mcha Mungu. Akatoa mwongozo: msibani azungumzwe marehemu tu.

Wanawake wakatii. Huku wakisonga sima, akina mama wa Kalinde walimlilia.

“Uwii, Mzee Layitoni! Nani atachimba tena shimo la kina cha kiwiko?”

“Na upana wake, dada?” akauliza Esinati, akijifuta macho. “Tukumbushe, tulie vizuri.”

“Hatua moja! Halafu anatia samadi ya mbuzi, ile iliyooza! Uwii!”

“Mbichi hakuitaka?”

“Alisema inaunguza mbegu, maskini wa Mungu!”

Daktari alijiuliza mtu aliyeugua kitandani miaka mingi kabla ya kufa aliyachimba lini hayo mashimo. Lakini kumkatiza mfiwa si adabu. Kamati ikaripoti kwamba kilio kilikuwa cha kiwango cha kuridhisha.

Msimu ukaisha. Mpochera wakakosa pa kuweka mahindi. Kalinde wakavuna haba, maana mvua za kupandia ziliwakuta wote semina, wakijifunza kupanda.

Katibu Mkuu wa Wizara, mama asiyetabasamu, akamwita Daktari ofisini kwake Lilongwe, mji mkuu.

“Hawa wasiofundishwa, hakuna aliyewavujishia?”

Daktari akapiga hesabu. Akikiri, utafiti umeharibika na cheo kimekwenda.

“Hakuna, mheshimiwa. Haki ya Mungu, hawakujua kitu hata kimoja.”

“Basi kilichowashibisha ni kule kutofundishwa.”

“Kitaalamu... inaonekana hivyo.”

“Hongera sana, Dokta! Umeiokoa nchi. Kuanzia kesho tunaacha kufundisha kila wilaya.” Akavua miwani. “Na wewe kazi yako hasa ni nini vile?”

“Kufundisha wakulima, mheshimiwa.”

Katibu Mkuu akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa.

Daktari akainuka, akafungua mlango, akatoka.