Siku Kumi na Mbili na Magugu ya MaNgubane

Jumatatu, 3 Novemba

Mambo yameiva. Deborah amekubali nimuoe! Kimebaki kibali cha shangazi yake tu. Mama Colette anakuja Jumamosi kuona ninapoishi, maana hawezi kumtoa mtoto wa kaka yake kwa mtu ambaye hajui analala wapi. Nalala chumba cha nyuma kwa MaNgubane, hapa Sydenham, Durban. Chumba safi. Tatizo ni ua. Magugu yamenifika kifuani! Chini ndago, juu yake yale yenye mbegu za kunasa suruali, na kwenye kona kichaka ambacho hata mwenye nyumba hajui jina lake.

Nilivuta gugu moja. Likaja jani, mzizi ukabaki. Nikavuta la pili. Hivyo hivyo. Nikajilaza katikati yake nifikirie vizuri. Maua ya zambarau ya mti wa jirani yalikuwa yanadondoka moja moja, polepole, kama hayana haraka ya kufika. Nikamwona Deborah anapita kati ya viti vyeupe, na kitenge kipya, anacheka. Nilipofumbua macho tumbili alikuwa ukutani ananitazama. Saa kumi jioni.

Jumanne, 4 Novemba

Ugunduzi mkubwa! MaNgubane alitoka jikoni, akanyooshea magugu kidole, akapaza sauti: "Hlakula!" Kizulu changu ni cha kupandia taxi tu, lakini hilo nililisikia barabara. Nikamuuliza: "Chakula, Mama?" Akanyanyua dole gumba. "Yebo! Hlakula! Sharp!"

Chakula! Miaka miwili naishi juu ya mboga, sina habari. Basi kwa nini nijivunje mgongo? Nitaita watu waje kuchuma bure. Asubuhi moja, ua mweupe, bila gugu hata moja.

Nilipika sufuria moja na mawese. Cédric akapita, akaonja, akasema iko sawa na dawa ya minyoo. Cédric ana duka la simu Umbilo, ana ua wa sementi, na anamtaka Deborah. Wivu tu. Mimi nilimaliza sahani nzima. Karibu nzima.

Jumatano, 5 Novemba

Walikuja wanawake sita kutoka Greyville, wakiongozwa na Diane, tunayefanya naye kazi saluni. Mimi nanyoa, yeye anasuka. Waliyatazama magugu, wakatazamana. Kisha wakaenda moja kwa moja nyuma ya choo na kuchuma majani yote ya maboga ya MaNgubane. Yote! Magugu hawakuyagusa.

MaNgubane akatoka na ufagio. "Eish, Gustave!" Diane, ambaye wateja wake wamemfundisha Kizulu, alimtuliza, kisha akanigeukia mimi. Hlakula maana yake palilia. Palilia!

Niliona aibu. Nikaenda kujilaza kidogo.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Magugu yamenifika shingoni. Cédric ametuma picha ya sementi yake ikiwa imepigwa deki. Amemwalika Mama Colette apite kwake pia Jumamosi. Nimeogopa kweli. Nampenda Deborah tangu siku aliponiletea mdogo wake kunyolewa, akacheka nilipomkata sikio. Kidogo tu.

Ijumaa, 7 Novemba

Jibu lilikuwa mikononi mwangu. Mimi ni kinyozi! Nimeazima fyekeo nikanyoa ua wote, kama kichwa kwa mashine namba moja. Kisha nikaazima zulia la kijani la kanisani, nikalitandika juu yake. Uzuri ulioje! Nimekaa mlangoni muda mrefu nikiliangalia. Upepo ukipita nywele zake zinainama. Niliona watoto wetu watatu wanakimbia juu yake. Wa mwisho anafanana na mimi.

Jumamosi, 8 Novemba

Mama Colette alitoka kwa Cédric, akaja na Deborah. Alisifu zulia. Akakaa. Kiti kikainama upande. Akahamia pengine, kikainama tena. Akalikanyaga zulia kwa kisigino, akaniuliza taratibu: "Papa Gustave, mbona udongo inapumua?"

Nilisema ni mtindo wa huku Durban. Akainama, akafunua pembe.

Chini yake visiki vya magugu vilikuwa vimesimama wima. Nilimwangalia Deborah, yeye akaangalia viatu vyake. Hapo ndipo moyo ulipouma.

Mama Colette akavua viatu, akaomba jembe. Deborah naye. Wakalima mpaka mzizi, wakitikisa udongo. MaNgubane akachungulia dirishani, akafurahi, akapiga kelele: "Hlakula, Mama!" Mama Colette akamjibu kwa heshima: "Aksanti, tutakula kisha kazi." Basi si mimi peke yangu!

Walipomaliza, kulibaki kile kichaka cha kona. Mama Colette akafunga viatu na kutoa uamuzi. Kwa Cédric amependa sementi, lakini hakuna kitu kinaota. Kichaka hiki ameniachia mimi. Jumamosi ijayo atarudi. Akikuta mzizi juu ya ardhi, tutazungumza mahari. Akiukuta chini, basi. Deborah aliacha kitambaa chake kimefungwa kwenye mpini wa jembe.

Jumapili, 9 Novemba

Nilichimba kina cha kiwiko kizima. Mzizi unaendelea. Nikakikata kichaka, nikafunika kisiki kwa ndoo ya rangi. Hakionekani kabisa. Kitambaa cha Deborah nimekiweka chini ya kichwa, kinanukia mafuta ya nazi. Ua ni mweupe, mawingu yanaenda baharini. Nilimwona anakuja na keki.

Ijumaa, 14 Novemba

Ndoo imenyanyuka vidole vinne. Mama Colette anafika kesho saa tatu asubuhi. Jembe liko palepale lilipoachwa.

Ninatoka kwenda kutafuta pipa.