Kufuli la Kamusi ya Bi Hindu

Jumatatu, 20 Julai 1987

Nimenong'onezwa sokoni: Fumo anautaka ukatibu wangu! Klabu ya Kiesperanto ya Malindi ina katibu mmoja tu, mimi Jaafar, fundi wa redio. Uchaguzi ni Jumapili, siku ya kusherehekea miaka mia tangu lugha yetu iundwe iwe ya watu wote. Fumo anafundisha taipu na ana sauti nzuri. Ana nini kingine? Hana.

Siku hiyo hiyo Henk anarudi kwao. Henk ni Mholanzi wa mradi wa maji, anakaa Bofa kule Kilifi, na ndiye aliyeipa klabu kompyuta. Inachomekwa kwenye televisheni, na kazi yake yote inahifadhiwa kwenye kaseti. Ataondoka na kaseti ya kamusi ya Bi Hindu, mwenyekiti wetu, akaipigishe chapa huko. Kiswahili kwa Kiesperanto, kazi ya miaka na miaka. Karatasi zake zimeliwa na mchwa. Macho yake yana mtoto wa jicho, hawezi kuanza upya. Kaseti ndiyo kamusi.

Nimegundua jambo pia. Waesperanto na wale wanaogawiana programu za kompyuta ni watu wale wale! Henk anagawa lugha bure na programu bure. Unaona ndani ilivyoandikwa, unabadilisha upendavyo, mradi ukiitengeneza vizuri zaidi nawe ugawe. Barua za Bi Hindu kutoka Hungaria na Japani ni hivyo hivyo: juu salamu na vitenzi, chini mistari ya programu. Wote wanatoa tu. Watu wazuri, lakini biashara hawaijui.

Jumanne, 21 Julai

Rai imenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata, lakini rai ni nzuri. Kamusi iwe na kufuli! Ukiiwasha iulize neno la siri, na neno nilijue mimi peke yangu. Nani atamwondoa katibu ambaye bila yeye kamusi haifunguki?

Nikaenda kwa Bi Hindu, nikampa shikamoo, nikamwambia kaseti za klabu zimeingia ukungu, lazima nizisafishe zote. Aliniamini papo hapo. Akanipa kaseti, akaniombea dua na kunipa kaimati. Batuli, mpwa wake, mwalimu wa chekechea, aliuliza ni ukungu gani huo usioonekana. Nikamjibu usioonekana ndio mbaya zaidi. Batuli akikutazama vile unasahau mkono wa kuume ni upi.

Fumo naye kanipa nakala yake ya kamusi bila swali. Alinishukuru kwa kujitolea. Hilo lilinichoma kidogo, lakini limepita.

Jumatano, 22 Julai

Kufuli tayari! Nimelijaribu mara tatu. Linauliza neno, ukikosea linakufukuza. Adabu hasa.

Zile nakala nyingine nimezirekodia taarabu juu yake, usibaki ushahidi. Taarabu imetoka safi. Sasa kamusi ni moja duniani, na iko kwangu. Nimeificha ndani ya lile kasha la spika kubwa la karakana, nikakaza skrubu. Mwizi gani atafungua spika kutafuta kamusi? Nimelala mchana kwa furaha.

Alhamisi, 23 Julai

Fumo anapita nyumba hadi nyumba na halua, ati kusalimia. Halua kwa ajili ya ukatibu! Watu hawana haya. Mimi nimetulia. Nimefanya mazoezi ya hotuba ya ushindi kwa Kiesperanto mbele ya kioo. Kwenye shukrani natoa chozi moja, jicho la kushoto.

Batuli alipita kuuliza kaseti zimefikia wapi. Nikasema dawa haitaki haraka. Akasema shangazi yake halali kwa furaha, na kila asubuhi anauliza zimebaki siku ngapi. Niliinamia redio ya mteja mpaka alipoondoka.

Ijumaa, 24 Julai

Lahaula!

Baada ya swala nimefungua spika nijaribu kaseti kwa mara ya mwisho. Haikuuliza neno la siri. Haikuuliza chochote! Nimeirudisha nyuma, nimeigeuza, nimeipulizia. Shshshsh tu, mwanzo hadi mwisho.

Spika ina sumaku. Sumaku inafuta kaseti. Namwambia kila mteja! Nimelibandika ukutani kwa mwandiko wangu mwenyewe: USIWEKE KASETI KARIBU NA SPIKA. Nimeketi chini ya tangazo hilo mpaka alasiri.

Jumamosi, 25 Julai

Nimeamua kuiandika kamusi upya kwa kichwa. Nimefika 'baba' na 'bahari'. Nikakumbuka 'bamia', lakini bamia kwa Kiesperanto siijui.

Nikaenda kumshawishi Bi Hindu tuahirishe. Nilimkuta anapiga pasi leso mpya, nyota ya kijani ya klabu ameshaibandika kifuani. Akaniambia, Jaafar mwanangu, mimi sikujaaliwa mtoto, lakini kesho nasafirisha mwana. Nikasema leso nzuri. Nimerudi nyumbani sijala, na mimi si mtu wa kukosa kula. Nina huzuni, basi. Nakiri hapa kwa kuwa hapa hapasomwi.

Jumapili, 26 Julai

Ukumbi ulijaa. Wenzetu wa Kilifi, ambao nao Henk aliwapa kompyuta, walikuja pia, Kitsao wa Kibarani mbele, kijana wa Kigiriama anayefanya kazi posta. Henk na mizigo yake. Bi Hindu kiti cha mbele, karibu na televisheni aweze kuona.

Nikaweka kaseti. Shshshsh. Nikalaumu stima. Fumo akawasha taa, ikawaka. Nikalaumu ukungu. Batuli akaomba kuzisikiliza zile nyingine, akaiweka ya Fumo kwenye rekoda, na ukumbi mzima ukasikia taarabu. Mzee mmoja nyuma akaanza kupiga makofi kwa mwendo wa ngoma, akakanywa.

Bi Hindu alitoa miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Wallahi ningependa ardhi inimeze. Nikasimama, nikasema nimeiua mimi. Kufuli, spika, taarabu, yote nikayamwaga. Hakuna aliyenitukana. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Ndipo Kitsao akatia mkono mfukoni. Kumbe Batuli kila mwezi alikuwa akimpelekea nakala kwa posta, ya mwisho juma lililopita! Kwa nini? Kwa sababu ndivyo Henk alivyotufundisha wote, nami nilikuwepo, nikitikisa kichwa kukubali. Kitsao ameongeza safu ya Kigiriama pembeni ya kila neno, na amepanga maneno yanatafutika upesi zaidi. Na hata bamia imo!

Bi Hindu akacheka huku akilia. Akasema si ajabu, hata sahani ya jirani hairudishwi tupu. Henk akaitia kaseti kwenye mfuko wa shati lake, akaufunga kwa pini. Vigelegele! Nilipiga na mimi, japo ni vya wanawake.

Fumo kachaguliwa katibu, kura zote. Hata yangu, nilikuwa nimechoka. Baadaye Bi Hindu alinivuta kando. Akaniambia anajua niliogopa kusahauliwa, na kwamba kwake sisahauliki, hata nikitaka. Akanipa kazi: mgawaji nakala wa klabu. Kila anayeomba apewe siku hiyo hiyo.

Jumatatu, 27 Julai

Nimefikiri kwa makini, na kosa nimelipata. Kosa ni Kiesperanto. Lugha ya watu wote! Kitu cha watu wote utakifungiaje? Kila mlango una Batuli na Kitsao wanaotoa nakala.

Basi naunda lugha yangu. Kamili, ina sarufi na kila kitu, na msemaji mmoja. Watakapoiona ilivyo nzuri watakuja kunibembeleza, na hapo nitakuwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Tangu alfajiri nimeshapata maneno ya kutosha kuanzia.

Saa nne Batuli alisimama mlangoni mwa karakana, kavaa buibui jipya, kaniletea mahamri ya shangazi yake. Nikamwambia neno la kwanza la lugha yangu. Akauliza maana. Nikakataa katakata, siri ni siri! Akangoja kidogo pale kizingitini, akacheka, akaweka mahamri dirishani, akaenda zake.

Neno lenyewe maana yake ni 'karibu ndani'.